Hadithi za Safari Ziandikwazo kama Daftari la Kila Siku: Faida Zake na Hatari Zake



Katika miaka yangu ya kufundisha hapa Lipangalala, mjini Ifakara, nimeona ya kuwa vijana wetu hawapendi kitabu kama wapendavyo hadithi ya safari ya kale yenye hatari ndani yake. Na katika hadithi hizo ipo aina moja ambayo mimi mwenyewe naipenda kupita nyingine, nayo ni ile iliyoandikwa kwa mfano wa daftari la kila siku, ambalo siku hizi huitwa shajara. Msomaji afungua kitabu, aona tarehe juu ya ukurasa. Chini yake aona maneno ya mtu aliyepiga kambi jioni, akaketi karibu na moto, akaandika mambo yaliyompata tangu asubuhi. Ukurasa ufuatao una tarehe ya kesho yake. Mtu huyo aandikaye pengine hakuwako duniani kamwe, ila mtunzi amembuni. Au alikuwako kweli, lakini maneno aliyotiwa kinywani si yake. Walakini njia aliyopita ipo, vita anavyovitaja vilipiganwa, na wengi wa watu walio katika kitabu waliishi wakafa.

Leo nataka tuipime aina hii ya hadithi pamoja, tuone uzuri wake na upungufu wake. Wala si kwa ajili ya kujifurahisha tu. Sisi wa bonde la Kilombero wazee wetu hawakutuachia madaftari mengi, na kwa hiyo mtu akituletea daftari la kubuni tuko karibu sana kulipokea kama urithi.

Kwanza tuulize, kwa nini daftari lina nguvu kuliko hadithi ya kawaida? Wengi wetu tumekutana na nguvu hiyo katika kitabu cha Matendo ya Mitume. Humo habari za Mtume Paulo zasimuliwa kwa kusema "yeye" na "wao". Hata tukifika sura ya 16, kwa ghafula twasikia "sisi". Na katika sura ya 27, penye habari za merikebu iliyovunjika, twasikia majina ya bandari, na pepo, na vipimo vya kina cha maji, na shehena iliyotupwa baharini. Asomaye huona kama msimulizi mwenyewe alilowa maji. Sina nia ya kuyalinganisha Maandiko na hadithi za kubuni; nataka kuonyesha jambo moja tu, ya kuwa "sisi" na "mimi" ni maneno ya shahidi, na neno la shahidi lina uzito wake. Mtunzi wa daftari la kubuni huuazima uzito huo. Nanyi mwajua ya kuwa kitu cha kuazima kina masharti, na siku moja mwenyewe atakuja kukidai.

Mfano ulio bora niujuao watoka katika nchi yetu na nchi za jirani. Mwaka 1873, mwezi wa Mei, David Livingstone alikufa katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu aliosafiri nao, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, walikata shauri kuirudisha maiti yake kwao. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga katika nguo na gome la mti, wakauchukua kwa miguu zaidi ya maili 1,000 hata Bagamoyo. Safari hiyo iliwachukua miezi 9. Walipita kusini ya Ziwa Tanganyika, wakafika Unyanyembe, karibu na Tabora, mwezi wa Oktoba. Hapo walikutana na Luteni Cameron, Mwingereza, naye akawashauri wamzike papo hapo, wakakataa. Mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo, na maiti ikapokewa katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu.

Katika msafara huo alikuwamo kijana mmoja jina lake Jacob Wainwright. Kwa kuzaliwa alikuwa Myao. Alichukuliwa mtumwa angali mtoto, akakombolewa, akasomeshwa na wamisionari kule Nasik, Bara Hindi. Kwa kuwa alijua kusoma na kuandika, ndiye aliyesoma sala za mazishi pale Chitambo, ndiye aliyechonga jina na tarehe katika mti, na ndiye aliyeandika daftari la safari ile. Daftari hilo lilikuwako kweli, likapigwa chapa kwa Kijerumani mwaka 1874.

Basi mwaka 2019 mwandishi mmoja wa Zimbabwe, Petina Gappah, alitoa riwaya kwa Kiingereza, jina lake Out of Darkness, Shining Light, inayosimulia safari hiyo ya kuichukua maiti. Na sehemu kubwa ya riwaya imeandikwa kana kwamba ni daftari la Jacob Wainwright. Si daftari lile la kweli. Ni jingine, ambalo Gappah amelitunga, akamwazima Jacob maneno. Katika kitabu hicho kimoja nimeyaona karibu mema yote na mashaka yote ya namna hii ya kuandika. Nitaanza na mema.

La kwanza, aandikaye daftari haijui kesho. Sisi tusomao twajua ya kuwa maiti ilifika Bagamoyo. Imo katika vitabu vya historia. Lakini Jacob aandikapo jioni kambini hajui kama kesho watapewa njia au watapigwa, wala hajui nani katika wenzake hataiona pwani. Mwanahistoria hutazama nyuma akiwa juu ya kilima, naye aiona njia yote hata mwisho wake. Mwenye daftari yumo bondeni, katika majani marefu, naye aona hatua moja tu iliyo mbele ya mguu wake. Wazee wetu wote waliishi hivyo, wala hapana mmoja aliyeishi akijua jinsi mambo yatakavyokwisha. Kwa hiyo hadithi ya namna hii hutufundisha kutowahukumu upesi. Mtu husema, "Mbona hawakukimbia? Mbona walimwamini fulani?" Akae nao katika siku ile, asiijue kesho, ndipo atakapoelewa.

La pili, daftari lina nafasi ya mambo madogo. Vitabu vya historia hutaja vita na mikataba. Daftari hutaja chumvi iliyokwisha, kidonda cha mguu, ugomvi wa kugawana nyama, na mvua iliyozima moto. Na mtu yeyote aliyesafiri kwa miguu ajua ya kuwa safari hufanywa na mambo hayo. Yeye aliyewahi kuvuka Kilombero wakati wa masika, maji yakiwa yamefunika mbuga hata hujui mto ulipo na nchi kavu ilipo, atakumbuka mtumbwi uliovuja na mkono uliomshika, kuliko atakavyokumbuka jina la mkuu wa wilaya wa mwaka ule.

La tatu, mwenye daftari hujifunua bila kujua. Jacob wa riwaya ni kijana mwenye kujiona. Amesoma, nao wenziwe hawakusoma. Maneno yake ni ya kanisani kila mstari, na mara nyingi awaona wenzake kuwa washenzi. Hasemi hata mara moja, "Mimi ni mtu wa majivuno." Lakini twamwona kwa jinsi aandikavyo, twamcheka kidogo, kisha twamhurumia, maana ni kijana asiye na kwao, na elimu yake ndiyo nyumba pekee aliyo nayo. Sisi walimu na makatekista tukisoma kurasa zile twajiona wenyewe katika kioo. Hadithi ya kawaida ingehitaji msimulizi wa kutuambia ya kuwa Jacob ana kiburi. Daftari lamwacha ajiseme.

Hayo ndiyo mema yake, nayo si madogo. Sasa tuyaangalie mapungufu.

Pungufu la kwanza ni la mikono na wakati. Mtu akikimbizwa na adui, ataandika saa ngapi? Nimesoma hadithi ambazo ndani yake mtu amejeruhiwa mchana, amevuka mto usiku, naye kabla ya mapambazuko ameandika kurasa kumi pamoja na mazungumzo yote ya maadui, neno kwa neno. Hapo msomaji huamka katika ndoto. Watunzi wa zamani walilijua jambo hili. Daniel Defoe, Mwingereza, katika kitabu chake cha Robinson Crusoe cha mwaka 1719, alimfanya mtu wake aliyeachwa kisiwani aanze kuandika daftari, na hesabu ya siku akaiweka kwa kukata alama katika nguzo. Lakini baadaye wino wake ukapungua hata ukakoma, na daftari likakoma, na masimulizi yakaendelea kwa njia ya kawaida. Hiyo ni busara. Tena kitabu hicho hicho chaonyesha udhia mwingine: kwa kuwa Crusoe alikwisha kutusimulia alivyookoka na kujenga makao yake, daftari linapoanza latusimulia mambo yale yale mara ya pili, na msomaji huchoka.

Pungufu la pili, mwenye daftari hawezi kuwa mahali pote. Jambo kuu likitendeka ng'ambo ya mlima, yeye yuko huku. Ndipo mtunzi amlazimishapo kusikiliza nyuma ya ukuta, au kukutana na mjumbe ajuaye kila kitu. Mara moja twasamehe. Ikiwa mara tano, twafunga kitabu.

Pungufu la tatu ni zito zaidi: kalamu huwapa nafasi wajuao kalamu tu. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Katika daftari, asiyejua kuandika ni kama hayupo. Tazameni mambo yalivyokuwa kweli katika msafara ule. Siku ya mazishi katika kanisa la Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874, Jacob Wainwright alikuwa miongoni mwa walioandamana na jeneza. Susi na Chuma, walioongoza msafara tangu mwanzo hata mwisho, walifika Uingereza baada ya mazishi kwisha. Na wale wanawake waliopika na kubeba mizigo, nani katika sisi aliyafundishwa majina yao shuleni? Gappah aliliona jambo hili, nalo ndilo nililomsifu kwalo kuliko mengine yote. Hakumpa Jacob kitabu kizima. Kwanza amempa Halima, mpishi wa msafara, mwanamke wa mdomo mkali na macho makali, naye asimulia kwa kusema, kama bibi asimuliavyo jikoni, bila tarehe wala wino. Ndipo lifuatapo daftari la Jacob. Kwa hiyo twauona msafara mmoja kwa macho mawili, na yale ambayo mwenye kalamu aliyapuuza twakwisha kuyajua kwa yule asiye na kalamu. Mtunzi atakaye kuandika daftari la kubuni na amkumbuke Halima.

Pungufu la nne ni kujua mno. Mtunzi wa leo ajua mambo ya leo, nayo humvuja bila yeye kuona. Mpagazi wa mwaka 1905 akiandika ya kuwa aipenda nchi yake Tanganyika, tumemkamata mtunzi, maana siku zile Tanganyika lilikuwa jina la ziwa. Nchi yetu ilianza kuitwa hivyo mwaka 1920 chini ya Waingereza. Msafiri wa siku hizo akitoka Ifakara kwenda Mahenge kwa miguu mikavu, tumemkamata tena, maana daraja kubwa la mto wetu lilifunguliwa mwaka 2018, na kabla yake watu walivuka kwa pantoni, na kabla ya pantoni kwa mitumbwi. Makosa haya ni rahisi kuyaona. Yaliyo magumu ni makosa ya moyo, yaani kumpa mtu wa kale mawazo ambayo sisi tungependa awe nayo, hata akawa hana woga, hana mashaka, na ajua tayari nani atasifiwa miaka 100 baadaye.

Pungufu la tano ndilo ninaloliogopa. Daftari la kubuni hufanana na ushuhuda hata watu husahau ya kuwa limebuniwa. Huyo huyo Defoe, mwaka 1722, alitoa kitabu kingine, kiitwacho A Journal of the Plague Year, juu ya tauni iliyoua watu wengi katika London mwaka 1665. Ingawa chaitwa daftari, hakina tarehe za kila siku. Lakini chasimuliwa na mtu ajiitaye kwa herufi H.F. tu, asemaye aliishi mjini muda wote wa tauni. Jina la Defoe halikuandikwa juu yake. Ndani yake mna hesabu za kweli za waliokufa, zilizotolewa mjini siku zile. Watu wengi wakakisoma kama ushuhuda wa mtu aliyeona kwa macho. Nao mwaka wa tauni, Defoe alikuwa mtoto wa miaka mitano hivi.

Pengine mtu atasema, "Basi tuyaache madaftari ya kubuni, tusome ya kweli." Ni shauri jema, lakini hata la kweli lataka macho. Jacob alichonga katika mti tarehe 4 Mei. Vitabu vingi husema Livingstone alikufa tarehe 1 Mei. Na Livingstone mwenyewe, alipoona watu wakiuawa sokoni Nyangwe, katika nchi ya Kongo, tarehe 15 Julai 1871, alikuwa ameishiwa na karatasi, akaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino alioutengeneza mwenyewe kwa mimea. Baadaye aliyanakili mambo yale katika daftari lake kubwa. Maandishi ya gazetini yalififia hata hayakusomeka vema. Mwaka 2011 wataalamu waliyasoma kwa msaada wa mianga ya namna mbalimbali, wakaona ya kuwa nakala na maandishi ya kwanza hayapatani mahali pote. Mtu yule yule, siku ile ile, maneno mbalimbali. Kwa hiyo shahidi wa kweli naye huulizwa maswali. Tofauti ni hii: shahidi wa kweli ukimwuliza, ana la kujibu, maana alikuwapo. Wa kubuni hana jibu ila lile ambalo mtunzi amempa.

Sasa turudi katika bonde letu. Tarehe 30 Agosti 1905, katika Vita vya Maji Maji, Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Wajerumani ya Mahenge. Wengi walianguka mbele ya bunduki za mzinga. Kisha ikaja njaa, iliyoua watu kuliko vita vyenyewe. Walioandika habari za siku zile, kwa sehemu kubwa, ndio waliokuwa ndani ya boma, yaani maofisa na wageni wengine. Waliokuwa nje hawakuwa na kalamu. Yaliyobaki ya kwao yalikaa vinywani mwa watu. Mwaka 1935 kilitolewa kitabu cha Culwick na mkewe juu ya Wabena wa mto, nacho kina sura moja ya masimulizi ya zamani iliyotoka kwa Mtema Towegale Kiwanga. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuandika maneno ya wazee waliokumbuka Maji Maji. Hazina hizo ni za thamani, lakini hazitoshi kuijaza nyumba.

Ndiyo maana sikushangaa kijana mmoja wa mtaani kwetu, baada ya kumaliza sekondari, alipoandika daftari la mpagazi wa mwaka 1905. Alilisimulia vema. Mtu wake akimbia baada ya vita vya Mahenge, ashuka milima, avushwa na Wandamba kwa mtumbwi, ala mizizi wakati wa njaa, mwisho afyeka pori kando ya mto na kupanda mpunga. Jina la mpagazi huyo kijana alilipata kwa bibi mmoja jirani, ambaye babu yake alipita katika mambo ya namna hiyo. Mengine yote alibuni, na tarehe akaziweka. Watu wakalipenda, wakalitoa fotokopi, likapita mkono kwa mkono, hata ukurasa wa kwanza, wenye jina la kijana, ukapotea.

Baada ya miaka miwili kulikuwa na shauri la shamba la mpunga kati ya koo mbili. Nami nilihudhuria, kwa kuwa wote ni majirani zangu. Katikati ya maneno, mtu mmoja akatoa karatasi zile akasoma: mwaka 1906, mwezi fulani, tarehe fulani, fulani alifyeka mahali fulani. Wazee wakanyamaza. Kwao walikuwa na kumbukumbu tu, na huyu alikuwa na maandishi yenye tarehe. Nao wamefundishwa tangu utoto ya kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenyekiti akauliza, "Daftari lenyewe liko wapi?" Kijana akaitwa. Akasimama, akasema, "Shikamooni wazee wangu. Maneno hayo niliyatunga mimi. Jina nilipewa na bibi. Tarehe nilizitoa kichwani mwangu."

Palitokea kelele. Wengine walimwita mwongo, ingawa hakumwambia mtu yeyote ya kuwa ni kweli. Wengine walisikitika, kwa kuwa walikwisha kumpenda yule mpagazi. Ndipo yule bibi, aliyekuwa ameketi nyuma pamoja na wanawake, aliposema, "Mjukuu wangu, hizo tarehe zifute ukitaka. Jina la babu yangu usilifute. Hakuna mahali pengine lilipoandikwa."

Shauri la shamba likarudishwa kwa mashahidi walio hai, kama ilivyopasa. Lakini maneno ya bibi yule nimeyafikiri mara nyingi. Mwanzoni niliwaza ya kuwa kijana alimpa bibi zawadi, na mtu wa shamba akaiiba. Baadaye nikaona ya kuwa jambo ni gumu zaidi. Bibi hakutaka hadithi. Alitaka jina lidumu. Na jina hilo, ambalo ni la kweli kabisa, lilikuwa limefungwa katika mzigo mmoja na mambo ya kubuni, hata atakayekuja baadaye hataweza kuyatenga. Akigundua ya kuwa tarehe ni za uongo, atadhani na mtu mwenyewe ni wa uongo. Hivyo hadithi iliyotaka kumfufua mzee yule yaweza kumfanya asiaminiwe kamwe. Hatari ya daftari la kubuni kwa watu wenye madaftari machache ndiyo hiyo. Kule London, mtu akitilia shaka kitabu cha Defoe, ataifungua hesabu ya wafu wa mwaka 1665 na kulinganisha. Sisi tutalinganisha na nini?

Je, tuwakataze vijana wetu kuandika? Hasha. Mimi nawasihi waandike. Pasipo hadithi, watoto wetu watajifunza Maji Maji kama orodha ya tarehe za kujibia mtihani, wala hawatajua njaa ilivyouma. Lakini waandike kwa uaminifu. Ebrahim Hussein alipotoa mchezo wake wa Kinjeketile mwaka 1969, aliweka maneno mwanzoni kumwonya msomaji ya kuwa Kinjeketile wa mchezo ametungwa, si yule wa historia mtupu. Mchezo haukupungua nguvu kwa onyo hilo. Wasomwa na kuchezwa hata leo. Nami naona mtunzi asiyeogopa kusema "nimetunga" ndiye anayeitumaini kazi yake.

Kwa hiyo, enyi vijana mtakao kutunga madaftari ya safari za kale, nawapa mashauri machache. Andikeni neno "hadithi" na jina lenu si katika ukurasa wa kwanza tu, bali juu ya kila ukurasa, maana kurasa hupotea. Mtu wenu mpeni jina la kubuni. Jina la mzee wa mtu msilichukue pasipo ruhusa ya jamaa zake. Mpeni wino kidogo, naye aandike kidogo siku ya hatari. Mwacheni asijue kesho. Mwacheni awe na kasoro, tena asizione. Na kando yake mwekeni mtu mwingine asiyejua kusoma, aseme kwa kinywa chake, ili tusidhani ya kuwa dunia yote ilikuwa ya wenye kalamu.

Na ninyi wasomaji wengine, ambao hamna nia ya kutunga, mnayo kazi iliyo kubwa zaidi. Nunueni madaftari mawili kwa ajili ya nyumba yenu. Moja mwape watoto wabuni humo watakayo, majitu na safari na vita. La pili liwekeni mahali pakavu, na humo yaandikwe yale tu yaliyosemwa na babu na bibi: nani alisema, siku gani alisema, na yeye aliyapata kwa nani. Mzee asipokumbuka mwaka, msimtafutie mwaka. Andikeni kama alivyosema, ya kuwa ni wakati wa gharika fulani au njaa fulani. Majina yaandikeni yote, hata ya wale ambao hawakutenda lolote la kusifiwa. Madaftari hayo mawili yapendwe yote, yasomwe yote jioni taa ikiwaka; lakini yasichanganywe hata ukurasa mmoja.

Mwalimu,
Lipangalala, Ifakara.